Mama Ahsante na Diski ya Kuanzishia

Kompyuta iliingia nyumbani kwa Mama Ahsante ikiwa imefunikwa shuka la maua, kama mgonjwa anayerudishwa kutoka hospitalini. Yeye mwenyewe alilikumbatia lile sanduku zito la mashine, na jirani akabeba kioo chenye kisogo kikubwa, mithili ya televisheni za zamani. Waliviweka sebuleni juu ya meza ya chuma, meza ambayo mumewe aliichomelea mwaka waliooana na ambayo haijawahi kuyumba.

"Imefika?" mumewe aliuliza kutoka kwenye kiti chake.

"Imefika, Baba. Mungu ametuona."

"Hebu niipapase." Aliinuka, akanyoosha mikono mpaka ikagusa bati, akapitisha vidole taratibu kutoka juu hadi chini. "Mh! Hii imekula chumvi nyingi. Tena mgongoni ina kutu."

"Wewe nawe! Mgeni hata hajakaa, umeshamtafutia kutu."

Mama Ahsante alikuwa mfanya usafi katika kliniki ya meno. Jina hilo alipewa na majirani kwa sababu neno ahsante lilimtoka hata alipokanyagwa. Kompyuta alipewa na daktari mwenye kliniki, mama mmoja mwenye sauti nzito na moyo mwepesi, baada ya kujinunulia mpya. "Nimefuta kila kitu kilichokuwemo," Daktari alimwambia, "maana zilikuwamo habari za wagonjwa, na hizo ni siri. Sasa haina hata mfumo wa kuiendesha. Nikutafutie mtu akuwekee?"

"Usijisumbue, Daktari. Ahsante sana. Darasani kwetu tunafundishwa hayo."

Hawakuwa wamefundishwa. Lakini mtu ameshakupa ng'ombe mzima, utamwambiaje akuletee na kamba? Ndivyo alivyofikiri, na hapo ndipo alipojitia kitanzini.

Mwenye kuihitaji kompyuta hiyo hasa alikuwa mumewe. Alikuwa fundi wa kuchomelea, na nusu ya milango na madirisha ya mtaa ule ilipita mikononi mwake. Wakati huo Mama Ahsante hakujua kusoma, kwa hiyo kila jioni Fundi alinawa masizi, akakaa, akamsomea mkewe gazeti, kisha kitabu cha sala. Hakuacha hata siku alizorudi amechoka hoi. Halafu presha ya macho ikaanza kumnyemelea. Kwanza aliona ukungu pembeni, kisha kama anachungulia kwenye bomba, mwisho bomba lenyewe likaziba. Siku aliyoshindwa kusoma kichwa cha habari, alilikunja gazeti polepole, akaliweka mezani.

Wiki iliyofuata Mama Ahsante alijiandikisha darasa la jioni. Alikuwa na wajukuu tayari. Alianza na a, e, i, o, u, akipiga magoti kila usiku kuomba herufi zisimtoke, na Mungu akamjalia zikakaa. Tangu hapo yeye ndiye aliyemsomea mumewe. Alikwama, akarudia, akaruka mstari bila kujua, na Fundi akamngoja kila alipokwama bila kumharakisha.

Mwaka huu mambo yalibadilika. Darasa lao lilikuwa linajiandaa kwa mtihani, na masomo yalikula jioni karibu zote za wiki. Fundi akabaki peke yake kitini. Hakulalamika hata mara moja. Alianza tu kulala mapema, jua likizama naye huyo kitandani, na asubuhi alipoulizwa alisema, "Nifanye nini tena? Kuku wenyewe huwa wamelala."

Maneno hayo yalimchoma mkewe. Mwalimu wao alikuwa amewaonyesha darasani kompyuta inayosoma maandishi kwa sauti, hata ya Kiswahili. Simu ya kioo walishaijaribu nyumbani, ikashindikana. Vidole vya Fundi vilikuwa vimekaushwa na moto, na juu ya kioo laini havikujua vilipo; alikuwa akitafuta redio anajikuta amempigia shemeji yake. Lakini kibodi ina vitufe vya kupapasa. Kama kompyuta ya Daktari ingekubali kufanya kazi, Fundi angesomewa jioni hata mkewe asipokuwepo. Isipokubali, Mama Ahsante alikuwa ameshaahidi mbele za Mungu: mwisho wa mwezi, siku ya kujiandikisha mtihani, ataliacha darasa arudi kumsomea mumewe. Ahadi hiyo hakumwambia mtu.

Akaanza kuhangaika. Fundi simu wa kona ya soko alimwekea mfumo kwenye kiflashi. "Chomeka, washa, maliza," alisema, na kumbe kumaliza kwenyewe ndiko kulikokuwa mbali. Mashine ilikitazama kile kiflashi kama mtu anayesalimiwa na asiyemjua. Kioo kilibaki cheusi, na mstari mmoja wa Kiingereza ukidai diski ya kuanzishia.

Alirudi sokoni. Fundi simu akakuna kichwa, akapekua droo zake, akaibuka na CD moja tupu. "Hii ndiyo ya mwisho dukani, Mama. Siku hizi CD hazinunuliwi na mtu. Nakuandikia mfumo mpya kabisa, wa mwaka huu huu."

"Ahsante, mwanangu. Ubarikiwe."

Safari hii mashine ilinguruma. Sahani ikazunguka ndani, taa ikapepesa, na Mama Ahsante akashika kifua. Kisha yakatokea maandishi meupe na kila kitu kikasimama.

"Imesemaje?" Fundi aliuliza.

"Kiingereza."

"Nitajie herufi moja moja."

Alimtajia, na mumewe akazipanga kichwani, akayapima maneno, mara akacheka. "Inasema mfumo huu unataka mashine ya kizazi kipya, na yenyewe ni ya kizazi cha zamani. Haina aibu hii! Imezeeka na inasema mbele ya watu."

"Usicheke, Baba. Nimezunguka mno."

"Sicheki wewe. Sikiliza. Mashine ndogo ya kuchomelea ukiipa elektrodi nene, ile fimbo ya kuyeyusha, inalia tu, haiunguzi. Utasema imekufa, na haijafa. Elektrodi haikuwa yake. Hii nayo ina ya kwake mahali. Uliza watu."

Uliza watu! Ndilo jambo lililomshinda. Kwa Mungu alikuwa akiomba bila haya yoyote, kwa kirefu, akiitaja mpaka rangi ya sanduku la kompyuta. Lakini kumweleza binadamu kwamba zawadi aliyopewa haifanyi kazi, hapo ulimi wake uligeuka jiwe. Aliona ni kama kumtupia Daktari zawadi yake usoni.

Na Daktari naye hakumwacha. "Vipi, ile kompyuta inaendeleaje?" alimuuliza asubuhi moja akivaa glavu.

"Nzuri sana, Daktari. Ahsante."

"Mzee anasikiliza?"

"Anasikiliza, ahsante."

Alikwenda chumba cha nyuma, akafunga mlango, akaegemea ndoo yake ya kupigia deki. "Ee Baba," alisema kwa sauti ndogo, "nimesema uongo, na nimeutia ahsante juu yake." Siku ile alipiga deki ukumbi wote mara ya pili, na sakafu ilikuwa safi tangu mara ya kwanza.

Siku ya kujiandikisha ikafika. Darasa lilikuwa na desturi yake. Kabla ya somo, Mwalimu alimuuliza kila mmoja, "Kimekushinda nini tangu tuachane?" na mtu akasema waziwazi, iwe hesabu za sehemu au kuamka asubuhi. Mwalimu alikuwa mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa waya pembeni, na aliamini mtu mzima hajifunzi mpaka ataje kinachomshinda. Zamu ya Mama Ahsante ilipofika, wenzake waliitikia kabla hajafungua mdomo, kama kwaya: "Ahsante, hakuna!" Ndivyo alivyojibu siku zote.

Safari hii hakucheka nao. Alisimama, mkoba umebanwa kifuani. "Mwalimu, mimi sijiandikishi. Nimekuja kuaga. Nawashukuru nyote."

Aliyekaa nyuma yake, Mzee Hamira, mwokaji mikate, aliyekuwa akija darasani na unga kwenye nyusi, akainuka nusu. "Unaaga unakwenda wapi, dada? Mtihani wenyewe huu hapa tunauona!"

"Nyumbani. Mume wangu hana wa kumsomea."

"Si ulisema umepata kompyuta?"

"Nimeipata. Haifanyi kazi." Na alipotamka hivyo, mengine yote yakafuata yenyewe: kiflashi, diski ya mwisho sokoni, maandishi meupe, kuku waliolala. Alimalizia na uongo aliomwambia Daktari, akakaa.

"Dada yangu," Mzee Hamira alisema, "umekaa kwenye duka la mikate unakufa na njaa! Huyo Mwalimu unadhani ni wa mapambo?"

"Hamira, punguza moto," Mwalimu alisema, lakini alikuwa ameshasogeza kiti. Alimuuliza Mama Ahsante maswali kama daktari anavyomuuliza mgonjwa. Mashine ni ya zamani kiasi gani? Kumbukumbu yake ni ndogo? Ile sahani inayotoka inasoma CD peke yake au hata DVD? Mama Ahsante aliyoyajua aliyajibu, na mengine alisema, kwa mara ya kwanza mbele ya darasa lile, "Hilo sijui."

"Vizuri. Basi hakuna kilichoharibika," Mwalimu alisema. "Mifumo mingi ya sasa imeandikwa kwa mashine mpya, lakini wapo watu, Mungu awape maisha marefu, wanaoendelea kutengeneza midogo kwa ajili ya hizi kongwe. Tunataka ulio mwepesi, wa kizazi cha mashine yako, unaoenea kwenye CD, na wenye sauti ndani yake. Nitaupakua hapa hapa shuleni. Wewe kaa, ujiandikishe."

"Mwalimu, na huo mfumo usipokubali?"

"Utakuja utuambie umekushinda. Ndiyo kazi ya darasa hili. Andika jina."

Aliandika. Herufi ya mwisho ilipanda juu ya mstari, lakini aliandika.

Mfumo ulipakuliwa taratibu, kama maji ya bomba lenye mgao, kipindi kizima cha hesabu na nusu ya kilichofuata. Kilichokosekana sasa ni CD tupu. Mwalimu aliomba kila mtu apekue nyumbani, na kesho yake meza ilijaa: diski za harusi, za mahubiri, za mazoezi ya kupunguza tumbo. Hiyo ya tumbo ililetwa na Mzee Hamira, na darasa likamtazama tumbo lake, likaangua kicheko.

"Chekeni tu," alisema. "Mnaona ilivyo mpya? Haijatumika."

"Zote zimeshaandikwa," Mwalimu alisema akizigeuzageuza kwenye mwanga. "Za aina hii hazifutiki. Hakuna mahali wanapotumia CD mpaka leo?"

Mama Ahsante alijua pale pale. Kliniki walipopiga picha za eksirei ya taya, mgonjwa aliondoka na picha zake kwenye CD. Kabati la chumba cha eksirei lilikuwa na mnara wa CD tupu, yeye ndiye aliyelifuta vumbi. Kumbe alikuwa anazipangusa kila asubuhi akiomba diski! Lakini kabati lilikuwa la Daktari, na kwa Daktari kompyuta inafanya kazi nzuri sana, ahsante.

Usiku ule hakuomba diski. Aliomba mdomo.

Asubuhi alimkuta Daktari anapanga vifaa kabla ya wagonjwa kuingia. Alisimama mlangoni bila ndoo wala ufagio, na hilo peke yake lilimfanya Daktari ageuke.

"Kuna msiba?"

"Hapana, Daktari. Ile kompyuta haijawahi kufanya kazi. Hata siku moja. Nilikudanganya, na mume wangu hajasomewa chochote. Naomba unisamehe. Na ninaomba CD tupu, Mwalimu wetu aiandike mfumo." Aliyasema kwa pumzi moja, kama mtu anayekunywa dawa chungu.

Daktari aliweka koleo mezani.

"Keti," Daktari alisema, akamwonyesha kiti cha wagonjwa.

"Hapo?"

"Hapo hapo. Maana wewe ni mgonjwa wangu kama wengine. Kazi yangu mimi ni kuuliza watu panauma wapi, na wananijibu 'hapaumi, Daktari,' machozi yanawatiririka! Nawe kumbe umo." Akacheka ile sauti yake nzito, kisha akaacha kucheka. "Lakini umeninyima, mama. Nilikuwa ninakwenda nyumbani nikimfikiria mzee wako anasikiliza, nikafurahi. Kumbe nilifurahia hewa."

"Nilidhani nitakuudhi."

"Umeniudhi sasa. Kidogo. Itapita kabla ya chai." Alifungua kabati, akachota fungu zima la CD bila kuhesabu. "Na mwambie huyo mwalimu wenu, sahani ya mashine ile inasoma CD basi, DVD haisomi. Ilinisumbua miaka."

"Ahsante, Daktari," Mama Ahsante alisema, na neno lile alilolisema maisha yake yote likawa zito mdomoni, kama limewekwa chumvi.

Jumamosi mchana Mwalimu na Mzee Hamira walifika. Diski alikuwa ameiandika Mzee Hamira mwenyewe shuleni, kwa kuwa aling'ang'ania ajifunze, na aliishika kwa ncha za vidole kama keki ya harusi. Wakaichomeka. Mashine ikazungusha, ikapepesa, ikarudi kudai diski ya kuanzishia kana kwamba haijapewa kitu.

Mama Ahsante alikaa chini. Fundi kitini aliinamisha kichwa.

Mwalimu akaichukua diski, akaitazama kwenye kompyuta mpakato yake. "Hamira, uliandikaje?"

"Si nililichukua lile faili, nikalibandika kwenye CD?"

"Lile faili ni kifurushi. Lazima lifunguliwe wakati wa kuandika, yaliyomo yakae kila kimoja mahali pake. Wewe umeingiza unga tanurini na gunia lake."

Fundi aliangua kicheko, cha kwanza ambacho mkewe alikisikia kwa majuma mengi, na Mzee Hamira akajipiga paji la uso. "Na gunia lake! Mimi! Huko kazini wasisikie."

Mwalimu akatoa CD nyingine katika fungu la Daktari, akaiandika upya pale pale, kwa mwendo wa polepole kabisa, kwa kuwa, alisema, sahani za zamani hazipendi kuharakishwa. Walingoja. Mama Ahsante alifumba macho, na kwa kuwa hakupata maneno, alikaa tu mbele za Mungu kama mtu anayekaa na mgonjwa.

Diski ikaingia. Sahani ikaguna. Kioo kikawa cheusi, kikakaa cheusi kiasi cha mtu kukata tamaa, halafu mistari ikaanza kukimbia kutoka chini kwenda juu, haraka, mingi, kama siafu waliochokozwa.

"Imeikubali," Mwalimu alisema. "Imeikubali!"

Kazi iliyobaki iliwachukua mchana wote. Maswali yalikuja, Mwalimu akamwachia Mama Ahsante mwenyewe ajibu, akisoma kila neno kwa kidole. Lugha ipi? Kibodi ya namna gani? Jina la mtumiaji? Hapo alimgeukia mumewe.

"Andika Fundi," mumewe alisema. "Jina jingine watanijulia wapi?"

Na mwishoni, kutoka kwenye spika ndogo zilizopasuka pembeni, sauti ikasema Kiswahili. Ilikuwa kavu, imebana pua, inakanyaga silabi zote kwa uzito mmoja kama askari gwarideni.

"Huyu nani?" Fundi akashtuka. "Ana mafua?"

"Ndiye atakayekusomea," Mwalimu alisema. "Njoo."

Walimketisha mezani kwake. Mwalimu akamshika vidole viwili vya shahada, akavipeleka juu ya kibodi. "Tafuta vinundu. Kimoja kushoto, kimoja kulia. Umevipata? Hapo ndipo nyumbani. Ukipotea, rudi hapo."

Vile vidole vilivyokaushwa na moto vikapapasa, vikapita, vikarudi, vikatulia. "Nimevipata," Fundi alisema. "Kama alama za kupimia. Aliyetengeneza hii alikuwa fundi." Akabonyeza kitufe, sauti ikataja herufi. Akabonyeza kingine. Akaandika jina la mkewe, lile la kuzaliwa ambalo mtaani hakuna aliyelijua, na sauti yenye mafua ikalisoma lote. Mama Ahsante aliingia jikoni haraka kuwatafutia wageni maji, akakaa huko muda mrefu kuliko maji yanavyohitaji.

Jumatatu jioni aliingiza madaftari kwenye mkoba, akasimama mlangoni na kusitasita kama kawaida yake. Fundi alikuwa mezani tangu alasiri. Mwalimu alikuwa amemwekea magazeti na kitabu kizima cha sala, na yeye alikuwa katikati ya sala ya jioni akibishana nayo.

"Wewe, pumua! Hapo kuna nukta," aliiambia mashine. "Mke wangu hapo anapumzika." Akabonyeza, akairudisha nyuma, ikasoma tena vile vile bila kupumua. "Bure kabisa. Haya, endelea."

"Baba, nikae leo?"

"Ukae ufanye nini? Nenda usome, utachelewa. Jumapili utanisomea wewe, huyu apumzishe pua."

Alitoka. Mtaani bado kulikuwa na mwanga, wenye maduka wakiingiza bidhaa zao ndani, na kupitia dirishani, kwenye nondo alizozichomelea mumewe mwenyewe, ile sauti kavu ilimfuata ikisoma sala, na sauti ya Fundi ikiisindikiza chini chini, neno kwa neno. Alipofika barabarani hakuisikia tena. Akaendelea kutembea akisema ahsante, mara hii bila uongo wowote chini yake, mpaka mlango wa darasa.